UZI: Wameksiko wa Marekani wamebebwa na kijiji, sio na serikali yoyote

#1

Wakuu salama humu? Kila Meksiko ikitajwa jukwaani komenti ni zile zile, maunga, El Chapo, ukuta wa Trump, na wale wa zamani kidogo wanakumbukia tamthilia za tajiri kumpenda dada wa kazi. Inaniuma kiukweli, maana hawa watu niko nao kila siku hapa Chicago, nimebeba nao maboksi, nimeosha nao vyombo kwenye migahawa, na ninachokiona kwa macho na kinachoandikwa humu ni vitu viwili tofauti kabisa. Tunawakosea sana.

Ninachotaka kusema kwenye huu uzi ni kimoja tu. Mmeksiko wa huku hajabebwa na serikali ya kwao wala ya Marekani, kabebwa na kijiji chake. Kazi kaunganishiwa na mtu wa kijijini, godoro la kwanza kalalia kwa mtu wa kijijini, binti yake akitimiza miaka 15 wanachanga wa kijijini, na akifa huku wanaohangaika kumrudisha ni hao hao.

Historia naipitia haraka. California, Nevada, Utah, New Mexico na sehemu kubwa ya Arizona zilikuwa Meksiko mpaka vita vilivyoisha kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo mwaka 1848, jamaa wakapoteza karibu nusu ya nchi, kwahiyo kuna familia huko zilikuwepo kabla Marekani haijafika. Halafu 1942 vita kuu imepamba moto, mashambani hakuna watu wa kuvuna, Marekani ikaingia makubaliano na Meksiko ya kuleta vibarua kwa mikataba ya muda, ndio mpango wa Bracero. Mpaka unafungwa 1964 ilikuwa imesainiwa mikataba kama milioni 4.6. Huo mpango ndio uliofundisha vijiji njia. Baba kaenda karudi, kijana kashajua shamba liko wapi na bosi ni nani, mpango umefungwa lakini bosi bado anataka watu na kijana bado anataka hela, basi wakaendelea kwenda bila makaratasi.

1986 Reagan akasaini sheria iliyowapa makaratasi watu karibu milioni 2.7, wengi wao Wameksiko. Alafu 1994 yakaja mambo mawili kwa pamoja, mkataba wa biashara huria wa NAFTA ulioleta mahindi ya bei rahisi kutoka Marekani yakamuumiza mkulima mdogo wa Meksiko, na huku mpakani San Diego doria ikakazwa kwelikweli. Hapa ndio pa kutulia. Zamani mwanaume alikuwa anakuja msimu wa mavuno anarudi kwao kwenye sikukuu ya kijiji, anajenga chumba kimoja, anakuja tena. Kuvuka kulipokuwa hatari, watu wakaanza kupitia jangwa la Arizona na kuwalipa watu wa magendo wa kuwavusha hela ndefu, jamaa akiingia harudi tena, badala yake anamvuta mke na watoto. Yaani ulinzi uliowekwa kuwazuia wasiingie ndio uliowafanya wasitoke. Leo waliozaliwa Meksiko wanaoishi Marekani ni kama milioni 11, ukijumlisha na watoto na wajukuu wanavuka milioni 37.

Naendelea, msiondoke.

#2

Mkuu tiririka, nimeweka kambi hapa. Hicho kijiji unachosema kinafanyaje kazi, weka nyama.

#3

Nyama hii hapa. Ukienda New York, Wameksiko wengi unaokutana nao ni wa jimbo la Puebla, mpaka wenyewe wanapaita Puebla York. Los Angeles ina watu wengi wa Jalisco na Zacatecas. Hapa Chicago ni Michoacán, Guanajuato, Guerrero, wamejaa Pilsen na La Villita, ukiingia mtaa wa 26 unapita chini ya lile geti kubwa la kuwakaribisha, kuanzia hapo unasikia Kihispania tu, magauni ya harusi dirishani, mikate ya sukari, ofisi za kutuma hela. Na mashamba ya stroberi ya Oxnard na Watsonville kule California yamejaa watu wa Oaxaca ambao wengine Kihispania chenyewe sio lugha yao ya kwanza, wanaongea Kimixteki, Kizapoteki au Kitriki. Meksiko ina lugha 68 za asili zinazotambuliwa, hili watu wengi hawalijui.

Sasa watu wa kijiji kimoja wakiwa wengi mjini wanaunda klabu. Wanakutana wikiendi, wanauza chakula, wanaandaa dansi, hela inayopatikana inaenda kuchimba kisima, kukarabati kanisa, kuweka lami, kununua gari la wagonjwa. Watu wa Zacatecas walifanya hivi mpaka serikali ikaona aibu ikaingia, ukaja mpango wa 3x1 ambao 2002 ulikuwa wa nchi nzima, kila peso ya klabu inaongezewa tatu, moja ya serikali kuu, moja ya jimbo, moja ya halmashauri. Mimi naona ulikuwa mpango mzuri kuliko mingi ya kuhusu diaspora niliyowahi kuisikia, japo kulikuwa na malalamiko kwamba vijiji maskini zaidi visivyo na watu huku viliachwa nyuma. Bajeti ya 2020 ikaufuta. Klabu zipo bado na kazi wanaendelea kufanya.

Halafu kuna tanda. Huu ni upatu, mchezo, hauna tofauti yoyote na wa kwetu. Tuseme watu kumi, kila mmoja dola 100 kwa wiki, namba zinaandikwa kwenye vikaratasi, vinakunjwa, vinatiwa kwenye kofia, kila mtu anavuta chake, aliyevuta moja anaondoka na mzigo wa kwanza. Hakuna mkataba wala sahihi. Kinachomfunga mtu ni kwamba ukila hela ya tanda ukakimbilia Texas, habari inafika kwa mama yako kijijini kabla wewe hujapata chumba huko. Nimeona watu wasio na akaunti ya benki wala makaratasi wananunua lori la kuuzia tamale (donge la mahindi lenye nyama ndani) na mashine ya kukata nyasi kwa tanda tu.

Na sherehe. Binti akifikisha 15 anafanyiwa quinceañera, misa kanisani, gauni kubwa kama la bibi harusi, baba anapiga goti ukumbini anamvua viatu vya chini anamvalisha vya visigino, halafu wanacheza waltz watu wanalia. Gharama inagawanywa, kuna msimamizi wa keki, wa gauni, wa muziki, wa taji, na ukikubali kusimamia kitu umekuwa ndugu wa ile familia moja kwa moja, sio mgeni tena. Kamati yetu ya harusi inavunjwa siku ya kuvunja kamati, ya kwao haivunjwi.

#4

Aisee asante. Ila mkuu usiwapake rangi, nchi yao inachinja watu hadharani, hao cartel, magenge ya unga, hawatoki mbinguni ni watoto wa hivyo hivyo vijiji. Na huko kupotea watu mbona hugusii.

#5

Mkuu #4 uko sahihi kuuliza na sikwepi.

Desemba 2006 rais Felipe Calderón aliwaingiza wanajeshi mitaani kupambana na magenge. Wakuu wakikamatwa au kuuawa magenge yakapasuka vipande vipande na kila kipande kikaanza kutafuta hela yake, wakatoka kwenye unga wakaingia kwenye kutoza ushuru wakulima wa parachichi Michoacán, utekaji, wizi wa mafuta kwenye mabomba. Wanaokufa wengi ni vijana wa hivyo hivyo vijiji kama ulivyosema. Mwaka 2022 orodha rasmi ya waliopotea ilivuka watu 100,000. Watu laki moja wana majina, wana mama zao, na hawajulikani walipo. Wanafunzi 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa walichukuliwa Iguala usiku wa tarehe 26 Septemba 2014 na mpaka leo familia nyingi hazina hata mfupa.

Kinachonifanya nikose usingizi ni wale akina mama. Wanaitwa madres buscadoras, mama watafutaji. Wanakwenda porini na sururu na chuma kirefu chenye ncha, wanakipigilia ardhini, wanakichomoa, wananusa ncha. Ikinuka wanachimba. Mara nyingi serikali haichimbi, wanachimba wao, na baadhi yao wameuawa kwa kazi hiyo. Na wengine hela ya mafuta ya gari na ya koleo inatoka kwa ndugu walioko huku. Sasa niambie, mtu akiandika hapa kwamba Wameksiko ni watu wa cartel, na hawa mama tuwaweke wapi?

Na nchi haijasimama palepale jamani. Oktoba 2024 Claudia Sheinbaum ameapishwa, mwanamke wa kwanza kuwa rais, Marekani yenyewe haijawahi. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa peso 88 kwa siku mwaka 2018, 2025 kimefika karibu 279, na takwimu zao rasmi zinasema watu zaidi ya milioni 13 wametoka kwenye umaskini kati ya 2018 na 2024. Hapo hapo kila tarehe 8 Machi wanawake wanajaa barabarani Mexico City wakiwa wamevaa zambarau kwa sababu wanawake wanauawa na kesi zinapotelea kwenye makabati. Mambo yote haya yanatokea nchi moja kwa wakati mmoja.

#6

Mimi ni mama wa jikoni naomba kuuliza la chakula. Hizo tortila ni chapati za unga wa mahindi? Mbona nikijaribu na unga wa sembe zinapasuka?

#7

Dada yangu zinapasuka kwa sababu unga wa ugali haujapitia chokaa. Mahindi dunia nzima yalianzia kwao, kusini mwa Meksiko bonde la mto Balsas, kama miaka 9,000 iliyopita, kwahiyo tunachosonga kila siku asili yake ni huko. Sisi tulichukua mahindi tukaacha mapishi.

Wanafanya hivi. Mahindi makavu yanatiwa kwenye maji, inawekwa chokaa kidogo ile ya kula, yanachemka kwa muda, moto unazimwa, sufuria inafunikwa mpaka asubuhi. Asubuhi maji yamekuwa ya njano na yananata, ukisugua punje kwa vidole ganda lenyewe linateleza. Unayaosha, unayasaga yakiwa bado na maji, unapata donge laini linaloshikamana, halafu unafinyanga, unabana, unaweka kwenye kikaango kikavu mpaka linavimba. Harufu yake asubuhi kwenye vile viwanda vidogo vya mtaa wa 26 ni kama mvua ya kwanza ikigonga vumbi.

Na sio utamu tu. Ile chokaa inaifungua niasini, aina ya vitamini, iliyojifunga ndani ya punje mwili uweze kuitumia. Watu wa kaskazini mwa Italia na wa kusini mwa Marekani walichukua mahindi bila hiyo hatua, wakala mahindi matupu, wakapata ugonjwa wa pelagra, ngozi inabanduka, akili inavurugika, wakafa wengi mpaka karne ya 20. Bibi wa Oaxaca alikuwa ameshamaliza hilo tatizo zamani sana. Ndio maana mwaka 2025 wameingiza kabisa kwenye katiba marufuku ya kupanda mahindi yaliyobadilishwa vinasaba, kwao sio suala la kilimo peke yake.

Wa Dar wanaopenda shawama nao wapate lao, ile taco (tortila iliyokunjwa na nyama ndani) ya nyama inayozunguka kwenye chuma ilitokana na Walebanoni waliohamia Puebla, wenyeji wakaweka nguruwe, pilipili na nanasi.

#8

Jambo sana wandugu. Mimi ni wa Bukavu, sasa niko Maine. Tulipanda ndege mpaka Brazili, tukavuka lile pori la Darién, kati ya Kolombia na Panama, kwa miguu na watoto, tukafika Tapachula kusini ya Meksiko mwaka 2019. Pale Waafrika tulikuwa wengi sana, Wakongomani, Wakameruni, Waangola, tulikaa muda mrefu kwa mahema nje ya ile kituo ya uhamiaji kwa sababu karatasi ya kupita walikuwa hawatoi tena. Sitaki kusema Wameksiko wote ni wazuri, kuna askari walitutendea mabaya. Lakini mama mmoja wa soko alikuwa analetea watoto wetu maharage na tortila kila jioni bila kuomba kitu. Hilo sitasahau.

#9

Ndugu wa Bukavu pole sana na asante kwa kushuhudia. Naomba niongeze hapo, maana wengi humu hawajui kwamba Meksiko ina watu weusi wake wenyewe. Rais wao Vicente Guerrero alikuwa na damu ya Kiafrika, na ndiye aliyefuta utumwa mwaka 1829, zaidi ya miaka 30 kabla ya Marekani. Veracruz kuna mji unaitwa Yanga, jina la Mwafrika aliyetoroka utumwani akaongoza watu wake milimani mpaka Wahispania wakakubali kuwaachia mji wao. Pwani ya Costa Chica, kwenye majimbo ya Guerrero na Oaxaca, kuna vijiji vizima vya watu weusi. Sensa ya 2020 ndio ya kwanza kuwahesabu hivyo wazi, wakatokea watu zaidi ya milioni 2.5. Na wao wamehamia Marekani kama wengine, wanafika huku Wamarekani hawaamini kama ni Wameksiko, hiyo ni shida ya peke yake.

#10

Mkuu, na hawa waliozaliwa huko huko? Wanajiona nani? Na hii kamatakamata ya sasa hivi imewaachaje?

#11

Swali gumu kuliko yote hili.

Kuna waliozaliwa Marekani, hao ni raia. Kuna walioletwa wakiwa wadogo bila makaratasi, Obama mwaka 2012 aliwapa nafuu ya DACA, wanafanya kazi kihalali ila wanahuisha kila baada ya miaka miwili na hakuna njia ya kuwa raia, watu wengine sasa wana miaka karibu 40 wanaishi kwa kuhuisha tu. Na ndani ya nyumba moja unakuta baba hana kitu, dada ana DACA, mdogo wa mwisho raia. Wengi wa hao wasio na makaratasi wanalipa kodi kwa namba maalum na wanakatwa mafao ambayo hawatakuja kuyachukua. Hili huwa linanikera sana mtu akisema wanakula bure.

Lugha ni kidonda. Wapo vijana wengi ambao Kihispania wanakielewa bibi akiongea lakini wao wenyewe hawawezi kukijibu, wakienda Meksiko wanachekwa, wakirudi huku wanaambiwa warudi kwao. Wazazi wengine waliwanyima lugha makusudi kwa sababu wao walichapwa shuleni Texas kwa kukiongea. Ila muziki umewarudisha. Zile nyimbo za magitaa na matarumbeta ambazo zamani kijana wa LA alikuwa anaona ni za babu, kuanzia 2023 zimepanda mpaka kumi bora za Marekani kupitia vijana kama Peso Pluma, na sasa mtoto asiyejua kuunda sentensi anaimba beti zote. Nyingine zinasifia wauza unga na hilo silitetei, hata Meksiko kwenyewe majimbo kadhaa yamezizuia kwenye majukwaa.

Kuhusu kamatakamata, Juni 2025 maafisa wa uhamiaji walivamia sehemu za kazi Los Angeles, wakabeba watu kwenye maegesho ya maduka ya vifaa vya ujenzi na sehemu za kuosha magari, watu wakaandamana, Trump akapeleka askari wa akiba. Picha zilizosambaa ni za vijana wenye bendera ya Meksiko, na humu jukwaani watu wakasema kama wanaipenda si warudi. Wengi wa wale ni raia wa Marekani wakuu. Wamebeba ile bendera kwa sababu anayebebwa kwenye gari jeusi ni baba yao. La Villita mwaka huo huo nimeona mitaa imetulia siku za biashara, wauza mahindi ya kuchemsha hawaonekani, misa watu wachache, na majirani raia wamejipanga kwenye kona na filimbi shingoni wakiona gari la uhamiaji wanapuliza.

Waliorudishwa nao wana maisha yao. Mexico City karibu na mnara wa Mapinduzi kuna eneo linaitwa Little L.A., vijana waliokulia Marekani wakarudishwa wanafanya kazi za kupokea simu za wateja wa kampuni za Kimarekani, Kiingereza chao ni cha LA tupu. Nchi ambayo haikuwataka wanaihudumia kwa simu kutoka nchi ambayo hawaijui vizuri.

#12

Swali la mwisho mkuu, hela wanatuma bado? Nasikia wamewekewa kodi.

#13

Wanatuma. Mwaka 2024 zilifika karibu dola bilioni 65, Meksiko ni ya pili duniani baada ya India, na Michoacán, Guanajuato na Jalisco ndio wanaopokea nyingi. 2025 zikaanza kushuka, watu wanaogopa kwenda kazini, hela itatoka wapi. Na kodi ipo kweli, asilimia 1 kuanzia tarehe 1 Januari 2026. Mwanzoni walitaka 5, ikashuka. Inamhusu anayetuma kwa keshi au hundi za kununua dukani, anayetuma kutoka akaunti ya benki au kadi ya Marekani hakatwi. Kwahiyo vijana wamehamia kwenye simu, wanaokatwa ni wazee na vibarua wanaolipwa keshi Ijumaa ambao benki hawaingii kwa sababu ya makaratasi. Niliowauliza kazini wengi wanafanya hivi, anampa keshi mpwa wake mwenye akaunti, mpwa anatuma, jina la mpokeaji ni bibi yule yule kule Michoacán. Mwenye swali la tanda kwa undani aniulize hapa hapa, nitajibu nikitoka shifti.